Mihogo Iliyolowekwa na Mto

Watu wa siku hizi mto ukifurika wanasema ni mambo ya Mungu. Sawa. Minye sibishani na Mungu. Lakini mwaka ule mto ulipotula sisi wajane na mayatima, Mungu hakuwa ameshika kamba ya kupimia mashamba. Aliyeishika ninamkumbuka vizuri: Mbelgiji mmoja wa soksi ndefu mpaka magotini, agronomu, bwana shamba wa pamba, na nyuma yake wanaume wawili wa kupigilia vijiti ardhini.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa msichana wa miaka kama kumi na nane, nikiishi na mama yangu katika bonde la Ruzizi, mwendo wa saa moja na kitu kutoka Kavimvira. Baba alikuwa amekwisha kufa kwa ugonjwa wa kifua. Ndugu zangu wawili walikufa wakiwa bado wananyonya. Tulibaki mama na minye, na shamba la mihogo alilotuachia baba kwenye ardhi ya juu, ambako maji ya mto hayakuwahi kufika tangu enzi za babu.

Agronomu akaja na kamba yake. Akasema ardhi ya juu iko nzuri kwa pamba, na pamba ilikuwa amri, siyo maongezi. Kila mwanamume akakatiwa kipande chake, kimenyooka kama kitambaa dukani. Mjane hana mume wa kulima pamba, basi ardhi ya juu ni ya nini kwake? Tukashushwa chini kwenye matete, karibu na mto, pamoja na wajane wengine na wazee wasio na nguvu. Agronomu akasema kwa kinywa cha mkalimani kwamba mihogo inaota popote. Mkalimani, mtu wetu kabisa, akaongeza lake: "Mushukuru. Huku chini udongo iko na mafuta."

Mafuta yalikuwapo kweli. Udongo ulikuwa mweusi, laini, jembe linaingia bila kugombana. Lakini hakuna mlimaji asiyejua kwa nini udongo wa kando ya mto unakuwa mweusi. Ni kwa sababu mto wenyewe unaupitia mara kwa mara na kuacha tope lake. Sisi tulijua. Mzungu alijua pia, naapa, maana pamba yake hakupanda hata mche mmoja kule chini.

Nayasema haya mwanzoni, na nayasema kwa hasira, na hasira yenyewe ni ya haki. Ila mtu asije akafikiri natafuta wa kumtwisha mzigo wangu. Mzigo wa Mzungu ni wa kwake. Wa kwangu nitausema mahali pake.

Mama yangu alikuwa mwanamke wa unga. Kila Jumamosi tuliondoka alfajiri, kila mmoja na mzigo wake kichwani, tukipita Kavimvira, tukipita maduka ya mjini, tukipita Kilibula, mpaka Kalundu bandarini. Pale walikuwapo wapagazi wanaoshusha na kupakia meli za ziwani, na walipika chungu kimoja, wote pamoja. Kapita wao, yaani mnyapara, Mwislamu wa Uvira, mtu mrefu wa maneno machache, ndiye aliyechagua nani awaletee unga. Alimchagua mama kwa sababu unga wake ulikuwa mweupe, haukwaruzi koo, na haukuwahi kumlaza mtu. "Batu bangu bakiumwa tumbo," alisema siku moja, "meli nitaipakua na kofia yangu?" Hata hakucheka alipolisema. Mama ndiye aliyecheka njia nzima tukirudi.

Mahali pa kuuzia unga pale, chini ya ukuta wa depo, palikuwa pa mwanamke mmoja tu. Ukikosa Jumamosi moja, kapita anavumilia. Ukikosa mbili, anapewa mwingine. Siwezi kumlaumu, watu wake walihitaji kula. Na sisi tulipahitaji mahali pale kuliko alivyojua. Pale ndipo palipotupatia chumvi, sabuni, kitambaa na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Na zaidi ya hayo, pale ndipo palipomwezesha mama kumjibu shemeji yake. Huyo ndugu ya baba alikuwa na wake wawili, na alitaka kumrithi mama awe wa tatu. Alikuja kila baada ya mavuno, anakaa kwenye kigoda chetu, anauliza kama tumechoka. Mama anampa bugali na sombe ya majani ya mihogo, anamwambia: "Shemeji, bado tuko tunakula." Anaondoka. Mwanamke anayekula kwa mikono yake, hata ukoo unamwogopa kidogo.

Sasa, mihogo yetu ilikuwa ile michungu. Nguruwe pori hawaigusi na mwizi anaipita, ndiyo sababu tuliipenda. Lakini uchungu wake ni sumu, na sumu ile inatolewa na maji. Unachimba mihogo, unaimenya, unaitia kwenye shimo la maji kando ya mto, kila nyumba na shimo lake, unaiacha siku nne. Ukiitoa unaibonyeza kwa kidole gumba: kichwani, tumboni, mkiani. Kidole kikiingia kote, iko tayari. Kikigoma mahali pamoja, unairudisha. Kisha unaanika, unatwanga, unachekecha.

Mama alikuwa na sharti lake moja ambalo sikuliona kwa mwanamke mwingine. Kabla unga mpya haujatoka nyumbani, aliupika yeye na kuula yeye peke yake. Mimi nilisubiri mpaka kesho yake. Nikinuna kwa njaa aliniambia, "Mwenye unga ndiye anaanza. Weye nikikupoteza, nitazaa na nani tena, na ule shemeji?" Tulicheka sana nyumba ile. Watu wanadhani wajane wanalia tu.

Mvua ya mwaka ule ilinyesha milimani siku nyingi kabla hatujaiona kwetu. Tulisikia ngurumo upande wa magharibi, tukaona mito midogo inashuka na rangi ya chai ya maziwa. Ruzizi ikaanza kupanda taratibu, ikala matete, ikala mashimo yetu ya kulowekea. Mama akaweka kijiti penye ukingo wa maji ili aone yanavyokwenda. Alipoenda kukitazama mara ya pili, kijiti hakikuonekana.

Maji yalikuja yote Jumapili, tukitoka misani. Nilifikiri gharika inakuja na kelele, kama katika mafundisho ya katekista. Haikuwa na kelele. Ilikuwa inatambaa tu katikati ya mashina ya mihogo, inajaza nyayo za watu, halafu matuta, halafu hakuna tuta. Kwenye mkondo wenyewe vilipita vitu vya watu wa juu: paa la nyumba, mbuzi amekwisha vimba, kinu cha kutwangia, mlango wa mbao na kufuli bado imefungwa. Wanawake tulisimama kwenye ardhi ya juu, ndani ya pamba ya wanaume wa kijiji na shemeji zetu, miguu mikavu, tukitazama chakula cha kijiji kinazama. Msimamizi wa pamba akaja akatufokea tusikanyage miche.

Aka. Hilo neno lake sijalisahau mpaka leo. Tusikanyage miche.

Maji yalikaa kwenye mashamba siku saba. Na ubaya wa mafuriko hauishii pale yanapofika maji; unatembea kwa miguu yake. Kilalo, daraja la magogo kwenye njia ya Kavimvira, kilichukuliwa. Kamioni za wafanyabiashara zikakwama upande wa mjini. Chumvi ikakosekana, na chumvi ikikosekana wavuvi wa ziwani hawawezi kuhifadhi samaki, na barabara ikikatika hawana wa kumuuzia. Tulisikia Kalundu wanatupa ndagala zilizooza, na sisi huku, mwendo wa asubuhi moja, tunatafuna mahindi ya mbegu. Mwenye duka mmoja wa Kavimvira, ambaye mama alikuwa akinunua kwake kitambaa, magunia yake yote ya mchele na unga wa ngano yalilowa. Alianika mchele barabarani kwenye mikeka, ukaota ukungu, akafunga duka akaenda kwa ndugu zake upande wa Usumbura. Hakurudi. Fundi cherehani aliyekaa barazani kwake akabaki na cherehani bila baraza. Mwenye kusaga, mwenye kutengeneza baiskeli, mwanamke wa maandazi, wote walikuwa wakila kutoka kwenye mihogo ile ile iliyokuwa chini ya maji, ingawa wengine hawakuwahi kushika jembe.

Amri ikatoka upesi. Nasikia mpaka leo watu wakisema serikali ya Wabelgiji ilikuwa na mpango. Ndiyo, ilikuwa nao. Wanaume wote wakatolewa kwenda kutengeneza barabara na kilalo, kwa sababu siku za kuvuna pamba zilikuwa zinakuja na kamioni ya pamba lazima ipite. Hakuna aliyetolewa kuchimba mfereji wa kuondoa maji kwenye mihogo. Baadhi ya wanawake wakubwa wakaitwa kuwapikia wanaume barabarani. Mama akaitwa. Nilibaki peke yangu na shamba, na Jumamosi ya kwanza ilikuwa imekwisha pita bila sisi kuonekana Kalundu.

Maji yalipoanza kurudi mtoni, tukaingia kwenye tope kuchimba kilichobaki. Harufu ilikuwa ya kitu kilichooza na kuchacha. Mihogo mingi ilikuwa imekuwa uji ndani ya ganda lake. Mingine, ile iliyokuwa kwenye kiinuko kidogo, ilikuwa bado na umbo, ngozi imelainika, ukiishika inateleza. Tulikuwa wanawake kama kumi na mmoja, matope mpaka mapajani. Jirani yetu, mwanamke mpenda mzaha hata penye msiba, akainua muhogo mmoja akaubonyeza, kidole kikazama. Akasema, "Mutazame. Mto umetulowekea wenyewe. Unataka asante." Tukacheka wote. Yeye mwenyewe hakuuamini mzaha wake: alibeba mihogo yake mpaka kwenye chemchemi chini ya mlima, mahali pekee palipobaki na maji safi, akailoweka siku nne zilezile kama kawaida. Wengine wakamfuata.

Minye nilibaki na neno lile kichwani.

Mama alirudi mara moja kutoka barabarani kuchukua sufuria. Alikuwa amekonda, macho yamevimba kwa moshi. Aliiona mihogo niliyochimba, vikapu vinne. Akaniambia, "Peleka kwenye chemchemi leo hii. Ukiloweka leo, utaitoa siku ya nne, utaanika. Jumamosi hii hatuwezi kuiwahi, lakini Jumatatu nitakwenda kwa kapita nimwombe." Nikamwambia kapita hataki kuombwa. Akasema, "Atakubali ama atakataa. Loweka." Akaondoka na sufuria yake.

Chemchemi ilikuwa mbali, njia ya kupanda, vikapu vinne vizito kwa maji na tope. Nilichukua kimoja mpaka nusu ya njia. Nikakiweka chini. Sitajipamba hapa. Ni kweli nilitaka kuokoa mahali pa mama. Nilihesabu siku kwa vidole na nikaona Jumamosi inapita, na yule shemeji anakuja kukaa kwenye kigoda. Ni kweli pia kwamba nilikuwa nimechoka, mgongo unaniuma, na nilijiona nina akili kuliko wale wanawake wa siku nne. Mihogo imekaa ndani ya maji siku saba. Siku saba siyo zaidi ya nne? Nilibonyeza kichwa, kidole kikaingia. Nilibonyeza tumbo, kikaingia. Mkia sikuubonyeza. Sijui kama ungegoma. Nadhani nilijua ungegoma, ndiyo maana sikuubonyeza.

Nikarudisha kikapu nyumbani. Nikamenya yote, nikakata vipande vyembamba, nikavianika juu ya paa na kwenye mwamba wenye jua. Jua la baada ya mafuriko ni kali sana. Siku ya tatu vilikuwa vinavunjika. Nikatwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Unga ukawa mweupe, mzuri, sijawahi kutwanga unga mzuri vile maishani mwangu.

Ijumaa asubuhi mama akaachiliwa kutoka barabarani, kilalo kimekwisha. Akakuta gunia limesimama mlangoni. Alilitazama, akanitazama.

"Uliloweka siku ngapi?"

"Tatu, mama. Ilikuwa imelainika tayari. Kidole kiliingia kote, na jua hili limekausha kwa siku moja."

"Kwenye chemchemi?"

"Kwenye chemchemi."

Akanigusa shavu. Mkono wake ulinuka moshi wa barabara yote. Akasema, "Umetuponya, mwanangu. Kesho tuko Kalundu." Nilifurahi. Lazima niliseme na hilo: nilifurahi kabisa, kwa moyo wote, nikaenda kumtafutia sombe.

Alipika mchana, akaketi peke yake kama sharti lake. Alikula sana. Alikuwa ameshinda na njaa wiki mbili, anapikia wanaume na kulamba mwiko. Nilimwona anamega na kumega, na mimi nimekaa mlangoni nasubiri kesho yangu. Akasema unga una uchungu kidogo, labda ni tope. Akaendelea kula.

Jua lilipopinda akaanza kutapika. Akasema kichwa kinamzunguka, akasema ni tumbo tupu limeshtuka kwa chakula kingi. Nilimpa maji, akayatapika. Nilimlaza. Asubuhi, siku yetu ya Kalundu, aliamka akiwa na akili zake zote, akajifunga nguo, akataka kusimama. Miguu haikusimama. Haikuwa inauma, alisema. Ilikuwa imekazana tu, magoti yamegandana, vidole vinatazama chini. Alicheka kwanza. Alijipiga mapaja, akasema, "Weye miguu, leo kuko safari." Halafu akaniambia nimwite jirani.

Jirani yetu wa mzaha na wanawake wengine walimbeba kwenye machela mpaka dispensari ya misioni. Muganga wa pale, mwanamume mwenye upole na miwani yenye ufa, alimpima, akamgonga magoti, akaniuliza mimi, kwa sababu mama alikuwa amechoka kusema: "Mihogo iliwekwa majini siku ngapi?"

Mama alikuwa ananitazama. Wanawake wote walikuwa wamesimama, na hakuna aliyekuwa amehesabu vikapu vya chemchemini.

"Siku tatu," nikasema. "Siku tatu nzima, kwenye chemchemi."

Akatikisa kichwa. Akasema nyakati nyingine ameona miguu namna hii ikiletwa na mihogo isiyolowekwa vizuri, watu wakiwa na njaa. Lakini siku tatu kwenye maji safi, na unga wa mtu anayejulikana kwa unga wake, haelewi. Labda ni maji yenyewe. Labda mafuriko yameingiza kitu kibaya kwenye chemchemi ile. Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Nilikuwa na nafasi pia njiani kurudi, maana machela ilipumzishwa mara nne. Lakini kila tulipopumzika, wanawake walikuwa wameanza kuongea juu ya chemchemi.

Siku ileile walikwenda wakaitoa mihogo yao. Ile iliyokuwa imelowekwa siku nne sawasawa, imelainika mpaka mkiani, chakula cha nyumba kumi za watu wenye njaa. Waliimwaga. Niliwaona wakiimwaga kwenye mteremko, vikapu kwa vikapu, na jirani yetu hakufanya mzaha wowote. Alimwaga wake wa mwisho, akajifuta mikono kwa majani, akaniambia pole kwa ajili ya mama.

Unga wetu niliumwaga mtoni mwenyewe. Jumatatu nilikwenda Kalundu peke yangu. Chini ya ukuta wa depo alikuwa ameketi mwanamke mwingine, mwenyeji wa milimani, na unga wake wa mahindi. Kapita alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Pole sana, binti yangu. Mwambie mama, unga wake tutaukumbuka." Akanipa samaki wawili wakavu, nikawabeba nyumbani. Mama aliwapokea, akawaweka pembeni, hakuwala siku ile.

Yule shemeji akaja kabla ya mavuno ya pamba. Safari hii hakuuliza kama tumechoka. Alimtazama mama alivyokaa, miguu imekunjwa upande, na hakutaka tena kumrithi. Alichotaka ni kunioza minye kwa mtu wa kwake, na ndivyo ilivyokuwa baadaye, na mume yule siwezi kumsema vibaya wala vizuri. Kamioni ya pamba ikapita kwenye kilalo kipya, imejaa mpaka juu, vijipamba vinadondoka barabarani. Agronomu alikuwa mbele karibu na dereva. Alitupungia mkono.

Mama aliishi miaka mitatu namna ile. Alijifunza kusogea kwa makalio na mikono, halafu kwa fimbo mbili, magoti yakipishana kama mkasi. Na kwa kuwa hakuwa na Kalundu tena, alijitafutia kazi nyingine. Aliniambia nimpeleke asubuhi penye njia panda ya chemchemi. Akiona mwanamke anapanda na mihogo, hasa wale walioolewa karibuni wasiojua, anamwita. Anamwonyesha miguu yake. "Mwanangu, usiende kule. Maji ya kule ndiyo yalinifanya hivi. Rudi chini." Na walirudi chini, mtoni, kwenye mashimo ya tope. Walimshukuru. Wengine walimletea ndizi.

Mimi ndiye niliyembeba kila asubuhi. Mgongoni, kama mtoto. Alikuwa mwepesi. Njiani alinisimulia mambo ya zamani, ya baba, ya wapagazi, akicheka shingoni kwangu. Siku moja tu aliniuliza, sauti yake iko hapa sikioni: "Mwanangu, ni kweli uliloweka?" Nikasema, "Ndiyo, mama." Akasema, "Basi." Hakuuliza tena. Sijui kama alijua. Nimejiuliza mpaka nimezeeka, na kuna siku nadhani alijua tangu pale dispensari, na kuna siku nadhani hapana, na siku hizi za pili ndizo mbaya zaidi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Waliolisema hawakutembea na mimi.

Alikufa kwa homa, mwaka mmoja kabla ya vurugu za uhuru kufika kwetu. Asubuhi wanawake walikusanyika kumwosha. Kulikuwa kumenyesha, mto umechafuka, na chemchemi ilikuwa inatiririka safi kama siku zote, hata kutoka mlangoni kwetu ulikuwa unaona mahali inapong'aa chini ya mlima. Nikachukua mtungi. Nikasema nakwenda kwenye chemchemi.

Jirani yetu alinishika mkono. Alikuwa analia. "Hapana," akasema. "Yale maji ndiyo yalimuua. Hatutamwosha nayo."

Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua.

Wakaenda mtoni wao, kwa heshima yake, wakarudi na maji ya tope. Nikamwosha nayo, kuanzia miguuni.